Kona ya Zizi la Mbuzi

Mitunguu, Ijumaa

Nelius mjukuu wangu,

Mimi ni mzima, goti tu ndilo linanisumbua. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Ndizi zimekomaa na leo hakuna wa kuzikata, kwa sababu siondoki hapa.

Unajua huko Saudia mama yako hupewa simu na mwajiri wake Ijumaa peke yake, na kwangu netiwaki inashika pahali pamoja tu, kona ya zizi la mbuzi. Ng'ambo ya mto, kwa lile shamba kubwa, kampuni ya simu iliwawekea mnara, hata walinzi wao wanatazama mpira kwa simu. Nilienda ofisi ya hiyo kampuni, pale Nkubu. Msichana wa hapo akaniambia, "Shosho, upande wenu watu ni wachache." Nikamuuliza, "Na kredo ya simu mnatuuzia bei ya watu wachache?" Akacheka.

Wewe ndiye ulisema sheria inakataza kampuni ya simu kupendelea huyu na kumnyima yule. Ulisema vizuri sana Krismasi, ukiwa umeshiba nyama. Sasa uko kwa wakili hapo Embu, unapanga faili za watu. Ya mimi cucu wako iko wapi?

Ijumaa iliyopita mama yako alipiga. Alisema, "Mama, wameficha pasipoti yangu, andika hii namba ya..." Ikakatika. Kalamu nilikuwa nayo mkononi.

Andikia hiyo kampuni malalamiko ya mnara siku utakayopata barua hii. Na Ijumaa usinipigie kuniambia umeandika. Utaziba laini.

Niko hapa na mbuzi,
Cucu wako Ruguru