Mifupa Tuliyoifukia Tena Giakanja

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana nimechoka na sijui kama ni mgongo au ni moyo. Nilimaliza chuo nilikosomea akiolojia, na sasa niko kwa mafunzo ya nyanjani hapa Giakanja, tunachimba shambani kwa mama mzee tunayemwita Cucu Wangui, tunatafuta vigae vya vyungu vya zamani, na kusema kweli nilifurahi kwa sababu chuoni tulikuwa tunaonyeshwa picha tu, hapa nilifunzwa kushika mwiko, kukwangua udongo polepole na kuuchekecha. Sasa wiki jana mimi na mwenzangu Mwaniki tulikuwa kwa shimo la karibu na majani chai, nikaona mfupa, tukadhani ni wa ng'ombe, halafu likatokea fuvu la mtu, na hapo kifuani vifungo vya koti, yaani si mtu wa kale. Tukamwita msimamizi wetu, Daktari Kingori, akatazama, kisha akasema turudishe udongo na tusimwambie mtu, ati polisi wakija mafunzo yatafungwa na hakuna atakayepata cheti, na bila hicho cheti, mshauri, hakuna atakayeniajiri.

Tukafukia. Shida ni kwamba Cucu hutuletea uji kila siku, na kakake mkubwa, Dedan, alichukuliwa na askari wa mkoloni wakati wa emajensi, ile hali ya hatari ya Mau Mau, Cucu akiwa mtoto, na hakurudi, mama yao alikufa akiwa bado anauliza wapita njia. Juzi Cucu aliketi kando yangu akaniuliza, "Nyinyi mnaochimba, hamjaona mtu wetu?" Nikamwambia hatujaona kitu. Akanishukuru, akanijazia kikombe tena. Mwaniki anasema ninyamaze tumalize, Kingori hanitazami usoni. Je, nirudi kwetu Kutus ama nivumilie?

Niliyechoka, Giakanja

Binti yangu, pole. Kazi ya kuinama juani inachosha, lakini kinachokulemea ni hilo jibu ulilompa mama wa watu huku akikumiminia uji. Ulimdanganya, tuseme hivyo. Na kukimbilia Kutus hakutasaidia, utamwachia Cucu swali lake na wewe utaondoka na jibu.

Msimamizi wako amekosea zaidi, kwa maana yeye ni mkubwa na anajua. Mtu aliyezikwa na koti lake si wa kufanyiwa mazoezi, ni jambo la polisi na la watu wa makavazi. Kesho asubuhi mwendee Kingori, na Mwaniki akikubali mwende pamoja. Mwambie kwa heshima kwamba jambo hili litaripotiwa, na umpe nafasi ya kuliripoti mwenyewe. Akikataa, usibishane naye, nenda kituoni.

Kisha mwendee Cucu mchana, watoto wake wakiwepo. Usimwambie mmempata Dedan, hujui, huenda huyo ni mwana wa mama mwingine. Mwambie mmeona mtu, kwamba ulimficha, na umwombe msamaha. Akilia, kaa naye. Akikufukuza, toka bila neno.

Cheti labda utakikosa, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Itauma. Lakini wewe ni kijana, utapata shamba lingine la kuchimba na msimamizi mwingine. Cucu amezeeka akingoja. Usimwongezee hata wiki moja.