Kwa Maudie Wapachee, Aliyewageuza Bata Bukini kwa Koo Lake

Mwaka mmoja umetimia, mjukuu wetu Maudie, tangu barafu ya ghuba ipasuke chini yako na kukumeza pamoja na pikipiki ya theluji na sleji ya kukokota mizigo iliyojaa bata bukini uliowaita mwenyewe.

Ulikuwa mwepesi wa kucheka, mgumu wa kuomba. Hukugusa nyama kabla wazee hawajapelekewa sehemu yao. Chai yako ilikuwa nyeusi kama lami.

Majira ya kuchipua ya mwaka uliotangulia kifo chako, ukiwa umelala chali kwenye maficho ya matawi, binamu yako Ruben alimpiga risasi bata aliyekuwa juu kabisa ya vichwa vyenu, jambo nililowakataza tangu utotoni. Bata huyo alidondoka kama jiwe, akakupiga mdomoni. Meno mawili yaling'oka, ncha ya ulimi ikakatika, theluji ikawa nyekundu.

"Bata kalipa kisasi," Ruben alisema, akijaribu kucheka. Ulimtemea damu usoni.

Mimi, msimamizi wa uwindaji wa ukoo wetu, nilikuwa nimekwisha kuishiwa pumzi ya kuita bata kwa kuiga sauti yao. Ulibaki wewe peke yako. Vijana walipoleta filimbi ya plastiki kutoka dukani, nilikwambia, "Usipoita wewe, kambi hii itapuliza plastiki kama watalii."

"Kwa ulimi gani, Babu?"

"Ncha imekwenda, shina lipo. Libane nyuma ya kaakaa, sukuma pumzi kutoka tumboni, kisha iachie ghafla, sauti ivunjike na kupanda."

Majira yote ya baridi ulijifunza hadi ukatema damu. Nilikushika koo kwa vidole, nikakubana kila ulipodanganya kwa kupuliza kwa mashavu badala ya tumbo. Hukuomba huruma.

"Mama we, mbwa wote wamekimbia," bibi yako Hattie alilalamika. "Nyamaza tule!"

"Mbwa haliwi, Bibi. Namwita anayeliwa."

Theluji ilipoanza kuyeyuka, kundi la kwanza lilikuja na upepo mkali, likipita mbali. Ruben alitoa filimbi.

"Dada, niache nipulize. Wanatupita hao!"

Uliipiga ngumi ikaruka majini. "Funga mdomo! Na ukifyatua tena juu ya kichwa changu, meno yako nitayang'oa mwenyewe."

Ukaita. Sauti ilitoka na mkwaruzo, ikavunjika pale pale ilipostahili kuvunjika. Bata aliyeongoza alikunja shingo. Wakageuka wote, wakashusha miguu.

"Sasa!" niliamuru.

Bunduki zilinguruma. Bata walianguka wakijipigiza kwenye barafu, nawe ukawavunja shingo waliokuwa bado hai, mmoja mmoja, upesi, ili wasiteseke. Nilivua kofia mbele ya vijana. Sikuwahi kumvulia kofia mwindaji mwingine yeyote.

Siku hiyo hiyo ulipakia sleji kuwapelekea wazee kijijini nyama ya kwanza. Ulipakia nyingi, kwa furaha, na barafu ilikuwa imekwisha kudhoofika. Ilipopasuka, Ruben alijifunga kamba kiunoni akaingia majini. Alikutoa, ngozi ya viganja vyake ikabaki kwenye ukingo wa barafu. Nawe ulikuwa umekwisha kututoka.

Mwaka huu, kundi la kwanza lilipotokea, vijana walinitazama. Nilitikisa kichwa. Hakuna aliyeita, hakuna aliyefyatua. Tuliwaacha wapite juu yetu na kelele zao zote, mpaka wa mwisho.

Unakumbukwa na babu yako Clarence, bibi yako Hattie, mama yako Juliet, ndugu na majirani wote wa kambi, pamoja na binamu yako Ruben, ambaye sasa ninamfundisha kuita, na ambaye koo lake bado linatoka damu.

Daima tutakutaja, Maudie.