Kidoa Kwenye Picha ya Kifua

Baba mpendwa,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana najua wewe ungetafuta miwani kwanza, kana kwamba salamu huitikiwa kwa macho.

Nakuandikia kwa sababu nimepigwa picha ya kifua, na kwenye picha hiyo kuna kidoa. Daktari amesema huenda si kitu, ila nirudi Alhamisi nikapimwe kwa mashine kubwa. Alhamisi hiyo nilifua mapazia. Alhamisi iliyofuata nikafua mapazia yaleyale. Mama hajui lolote, ila ameanza kunitazama kwa pembeni, na nahisi anadhani nimepata mchumba.

Nikaona nizungumze na mtu anayejua picha. Wewe ndiye uliyenilea ndani ya studio yako pale Makoroboi, nikajua kusafisha filamu kabla sijajua kusonga ugali, jambo ambalo Mama hajakusamehe hadi leo.

Unakumbuka siku ulipoziba dirisha la chumba chenu kwa maboksi, ukaacha tundu dogo la kupitisha msumari? Ulituketisha kitandani, ukafunga mlango, na mtaa mzima ukaingia ukutani kichwa chini miguu juu. Mama Rehema, jirani yetu, alikuwa anang'inia juu ya kabati akianika nguo. Ukatueleza kwamba mwanga hauna kona, unakwenda moja kwa moja, ndiyo maana cha juu huangukia chini. Mama akauliza kama Mama Rehema anajua kwamba yuko chumbani kwenu. Hakuwa anajua. Aliyekwenda kumwambia ni mimi.

Alikuja na kanga mbichi begani.

"Nifute, Mzee," alisema. "Nifute nikiwa naona."

Ukaziba tundu kwa kidole. Alikagua ukuta wote, akaangalia na nyuma ya kabati, kisha akaondoka ameridhika. Wewe ulibaki na kidole dirishani mpaka uliposikia mlango wake unafungwa.

Basi ulipoanza kukohoa, hukutaka kupimwa mjini. Kazi yako ilikuwa kumshika mteja kidevu na kumgeuzia kwenye mwanga, na ulisema hakuna bibi harusi atakayetoa kidevu chake kwa mtu anayekohoa. Tukapanda kivuko kwenda Kamanga, ng'ambo ya ziwa, na kutoka hapo tukachukua gari hadi hospitali moja ambako ulikuwa na hakika hakuna anayekujua. Ulivaa suti ya kijivu na tai. Ulijipaka poda ya studio puani ili usije ukang'aa kwenye picha. Kivuko hakijafika katikati, watu watatu walikuwa wamekusalimia kwa jina, na mmoja akauliza picha zake za ubarikio zitakuwa tayari lini.

Mimi nilibaki nje ya chumba cha eksirei, kwenye benchi, lakini nilisikia yote. Dada wa eksirei alikuambia uvue koti, tai na shati. Kisha nikasikia sauti yako ya kazini.

"Mwanga unatokea upande gani?"

"Hauonekani, Mzee. Simama wima."

"Na lenzi iko wapi?"

"Haina lenzi. Sogeza kifua hapa, vuta pumzi, zuia."

"Uso niuelekeze wapi?"

"Uso hatuuhitaji, Mzee."

Ulitoka umenuna. Miaka yote ya kazi hukuwahi kumwambia mteja kwamba uso wake hauhitajiki.

Lakini hasira yako haikuvuka maji. Tuliporudi kivukoni uliinua ile filamu kwenye jua na kuwafundisha abiria: mfupa unazuia miale, ndiyo maana mweupe, pafu lina hewa, miale inapita, ndiyo maana jeusi. Filamu ikapita mkono kwa mkono hadi kwa akina mama wenye matenga ya nyanya. Mzee mmoja akahesabu mbavu zako kuhakikisha kama kweli mwanamume amepungukiwa ubavu mmoja. Alipokuta zimetimia pande zote akahesabu upya, kisha akakuuliza kwa upole kama una uhakika picha ni yako.

Upande wa kulia, chini kidogo ya mtulinga, palikuwa na doa jeupe. Daktari alikuwa amekuambia urudi wiki inayofuata kwa ajili ya doa hilo. Wewe ulilitazama kifundi. Filamu ikitolewa mapema kwenye dawa ya kukazia hubaki na ukungu wa maziwa, na ukiirudisha kwenye dawa ukungu huo huondoka. Hilo kila mpiga picha wa zamani analijua. "Hawa wameikimbiza," ulisema, ukanipa niangalie. Nikaangalia kwa jicho la mtu aliyekulia chumba cha giza.

"Dawa yao imechoka, Baba," nilisema.

Nilisema kwa majivuno. Ulifurahi, ukamwambia yule mzee wa mbavu kwamba huyu ni binti yako.

Tulipofika nyumbani ukajifungia chumba cha giza mchana kutwa. Ulitoka jioni unajifuta mikono, ukasema, "Limetoka." Mama akapika pilau. Sikuomba kuiona filamu, na wala sikujiuliza kwa nini hukunionyesha, wewe uliyekuwa unanionyesha hata picha zilizoungua. Hukurudi ng'ambo mpaka mwaka uliofuata, wakati huo kupanda kivukoni kulikuwa kunakutaka upumzike mara mbili. Walichobaki nacho cha kukupa ni maneno mazuri, na baada ya hapo tukakuzika.

Sasa, Baba, siku hizi hawasafishi filamu tena. Picha inatokea kwenye kompyuta kabla hujafunga vifungo vya blauzi. Hakuna dawa ya kusingizia. Nilijaribu: nilimwambia daktari kile kidoa ni vumbi la kioo. Kijana mstaarabu yule, hakucheka. Alifuta kioo kwa mkono wa koti lake, tukatazama wote wawili, na kidoa kilikuwa palepale.

Leo asubuhi nimefungua sanduku lako la bati kutafuta ile filamu. Nilitaka nione doa linavyotoka. Nimeikuta ndani ya bahasha ya studio, na nje yake umeandika kwa penseli, kama ulivyoandika kwenye bahasha za wateja wako wote. Jina lako. "Picha moja, kifua." Halafu chini:

"Imerudishwa kwenye dawa. Doa lipo. Imerudishwa tena, dawa mpya. Lipo. Mara ya tatu. Lipo."

Nimekaa sakafuni. Nimekukasirikia, Baba, kukukasirikia kweli, hata nimeirudisha bahasha sandukuni kwa kuitupa. Ulitoka chumba kile unajua. Ulikula pilau unajua, ukaomba na ukoko. Na miaka yote hii nimejilaumu kwa neno langu la kivukoni, nikidhani ndilo lililokuzuia kurudi hospitali.

Halafu nimeyatazama mapazia dirishani, meupe mno kwa kufuliwa Alhamisi mbili, nikaelewa kwamba uliogopa. Hukuwahi kuniambia unaogopa kitu. Ungesema, ningekushika mkono tukavuka tena kesho yake, na suti ningekupigia pasi mimi.

Nimekwenda jikoni, nimemwambia Mama yote: kidoa, Alhamisi mbili, na kwamba naogopa sana. Amezima jiko. Hakulia, hakuuliza kwa nini nimemficha. Ameuliza kama pale hospitali wanamruhusu mtu aingie na mama yake.

Leo ni Alhamisi. Namsikia chumbani anatafuta viatu.

Binti yako,
anayeogopa, na anakwenda.