Vidole vya Bibi Ukutani

Jumamosi. Joto la kugandisha shati mgongoni, na upepo hakuna kabisa.

Nianze na ukweli: visiwa hivi vyote, hakuna mwanamume mzuri kunizidi. Kamera ya wageni waliokuja Ras Kitau mwaka jana kupiga filamu ilipata ukungu iliponiona. Fundi wake alidai ni chumvi ya bahari. Wivu tu.

Shule niliiacha kidato cha pili, lakini mimi ndiye niliyewafunza wale waigizaji wa Nairobi kuogelea bila kunywa nusu ya bahari. Filamu ilihusu familia iliyonusurika bahari ilipopanda ikameza kijiji. Nami nikapewa sehemu ya mwanakijiji anayepiga kelele, "Pandeni mikoko!" Maneno mawili, lakini niliyasema mpaka kunguru wa Shela wakaruka.

Sikupewa bure. Bi Salma, mwelekezi wa filamu, alikuwa akitafuta kisa cha kweli. Nikampa cha Bibi, mamake Baba.

Kisa hicho Pate nzima inakijua. Maji yalipanda siku moja kabla ya Idi. Bibi alikuwa na Baba mgongoni, mtoto mchanga, na shangazi yangu, bado kitoto, kamshika mkono. Shangazi alikuwa ametiwa hina, haijakauka, mkono ukateleza, maji yakamchukua. Kudra ya Mungu, basi.

Mwaka juzi Bibi aliugua, akadhani ndiyo anakwenda. Akaniambia mimi peke yangu kwamba mkono haukuteleza. Alifungua vidole mwenyewe, maana asingeweza kupanda mkoko na watoto wote wawili.

Nikamwambia Bi Salma. Akaniapia atabadilisha kila kitu. "Hata mamako hatajua ni nyinyi."

Jana filamu ilioneshwa hapa Amu, mjini Lamu, kwenye ukuta mkubwa karibu na kwetu. Wanaume chini, wanawake juu darini. Rafiki yangu Shee hakuacha kunipiga kiwiko. "Bwana Staa, u wapi? Au wewe ndiye ule mkoko?"

Maneno yangu mawili yalikatwa. Hilo ningelimeza.

Majina kweli aliyabadilisha. Kijiji alikipeleka kwingine. Lakini hina aliiacha. Kiganja kidogo chenye hina mbichi kikajaa ukuta mzima, na vidole vya mama vikafunguka kimoja kimoja.

Darini nikasikia sauti ya Bibi, ya kawaida tu, kama anayetoka arusini mapema: "Nipisheni ndia."

Bi Salma, ulinila mzima mzima. Uliniita ndugu yako. Ulikula samaki wa kupaka wa mama yangu ukaramba vidole, kumbe ulikuwa unahesabu siku tu za kutuanika. Nimekupigia simu mara nne leo. Hushiki.

Nilitaka niishie hapo, wewe uwe mbaya na mimi niwe mwenye kuonewa.

Lakini asubuhi Baba aliniuliza. Baba si mtu wa kelele. Alikaa kitandani kwangu akasema, "Nani alimwambia yule mwanamke habari ya vidole?"

"Labda Bibi mwenyewe," nikamjibu. "Kuna siku walikaa pamoja."

Akavaa kofia akaenda kwa Bibi.

Amerudi sasa hivi. Anasema Bibi hakubisha. Amesema ndiyo, ni yeye aliyemwambia.

Bibi hajawahi hata kumwona Bi Salma. Nilimsingizia, naye amenistiri, na Baba hataki tena kusema naye.