Abiria Ambaye Hajashuka

Miezi tisa hujakanyaga mlango wangu, halafu leo unaniandikia gazetini kama mtu baki, tena umejiita Mguu wa Chuma, ukadhani bibi yako amezeeka kiasi cha kutokukujua. Haya. Nimesomewa barua yako mara mbili. Naiweka hapa nzima kila mtu aione, kisha tutaelewana mimi na wewe.

*Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada kwa sababu sina tena pa kusemea. Mimi ni dereva wa pikipiki ya abiria, au nilikuwa, maana miezi tisa iliyopita mbuzi alikatiza barabara nikamkwepa nikagonga ukingo wa daraja, mguu wa kulia ukavunjika mara tatu na sasa una chuma ndani, na abiria wangu, dada mmoja mshonaji nguo, alifariki palepale. Nilipotoka hospitali goti lilikuwa limekaza kama bawaba yenye kutu, daktari akanielekeza kwenye darasa la yoga, yale mazoezi ya kujinyoosha na kupumua taratibu, hufanyika asubuhi kwenye ukumbi ulio juu ya duka la vioo, na wenzangu kituoni walinicheka sana, wakauliza kama nasomea umjusi, lakini mwezi wa kwanza nikaweza kuvaa soksi mwenyewe, na wa tatu nikaacha mkongojo mmoja.*

*Shida ni mwisho wa darasa, ambapo tunalala chali macho yamefungwa, wanauita mlalo wa maiti, na hapo ndipo nilipoanza kuguswa. Bega la kushoto, mara mbili, taratibu. Mara ya kwanza nikadhani ni mwalimu, nikafungua macho, mwalimu yuko mbali dirishani. Halafu nikakumbuka kwamba bega langu liko sakafuni, na kinachonigusa kinatokea mgongoni, pale palipo na mkeka tu. Juma lililopita nikamuuliza mwalimu kwa nini kila siku anatandika mkeka mtupu nyuma yangu, akanishangaa, akasema, "Si wa yule dada unayekuja naye? Yeye halali, hukaa tu akikutazama mgongo."*

*Sijarudi tena, leo siku ya kumi, na goti limeanza kukaza upya, daktari anasema likikaza safari hii halitafunguka. Na kuna jambo sijamwambia mtu. Bibi unajua abiria hawezi kusemeshana na dereva kwa upepo na kofia ngumu, akitaka kushuka hugonga bega mara mbili. Siku ile yule dada alinigonga mbele ya kibanda chake cha cherehani, nami nilikuwa nashindana na mwenzangu aliyenipita, nikasema moyoni nitageuzia mbele, na daraja liko hatua mia tu kutoka pale. Mama yake alikuja hospitalini, akaninywesha supu kwa kijiko, akasema, "Ajali ni ajali, mwanangu. Mbuzi hana akili. Sina kinyongo nawe." Nikameza. Je, nihamie darasa jingine, niende kwa mganga, au niache kabisa?*

*Mguu wa Chuma*

Marahaba. Uhamie darasa gani? Ukihama wewe na abiria wako anahama, si yuko nyuma yako? Na mganga mwache alipo. Hirizi haishushi abiria.

Pole ya mguu. Nilikuja hospitali mara mbili nikakukuta umegeukia ukuta ukijifanya umelala, kana kwamba sioni kope zinavyocheza. Nilirudi nyumbani nikalia. Sasa ndiyo naelewa ulikuwa unakimbia nini.

Nikuambie nisichopenda kusema. Hilo bega lako nalijua. Miaka minne ulikuwa unanileta hapa gazetini na kunirudisha, na ni mara ngapi nilikugonga mbele ya mlango wangu ukanipitiliza hadi kwenye kona, ukageuza ukiniambia breki nazo zinapenda kutembea? Nami nikakupiga kibao cha mgongo, nikacheka. Ningekukaripia kweli siku ile ya kwanza, labda ungejifunza kusimama. Kwa hiyo mzigo huu una kishikio changu pia.

Lakini mwanangu, umekula msamaha usio wako. Yule mama alimsamehe mbuzi. Wewe hajakusamehe, kwa sababu hajui. Ndiyo maana ile supu haijakaa tumboni hadi leo.

Kesho asubuhi rudi darasani. Kosa lilikuwa la mkono uliokataa kuachia mafuta, mguu una hatia gani hata uuache ukauke? Lala huo mlalo wao. Ukigongwa usiruke wala usifungue macho. Sema kwa sauti, wacheke wasicheke, "Nimesikia, dada. Nasimama." Ndilo neno ulilomnyima.

Kwa mama yake unakwenda juma hilihili. Usibebe zawadi, usichukue mtu wa kukusemea, na usianze na mbuzi. Anza na bega. Akikufukuza, ondoka kwa adabu, urudi siku nyingine. Akilia, kaa. Akikuuliza kwa nini hukusimama, usimtafutie sababu nzuri. Mwambie ulikuwa unashindana.

Ukitoka hapo nenda darajani, urudi zile hatua mia kwa mguu wako huohuo hadi kwenye kibanda. Simama mlangoni useme, "Tumefika." Vuta pumzi kumi kama mwalimu wako alivyokufundisha, umpe nafasi ya kushuka, maana sketi ya mshonaji ni ndefu. Kisha ondoka. Usigeuke, hata ukisikia cherehani.

Jambo la mwisho. Jumanne ulipita ng'ambo ya mtaa wangu na mkongojo wako, hukuingia. Nilikuona kutoka dirishani, na sikukuita, kwa kuwa nilidhani umepata mchumba. Msichana mwembamba, hatua moja nyuma yako, utepe wa kupimia umening'inia shingoni. Nikasema afadhali, kijana amepata wa kumshika mkono. Utepe hukuutaja katika barua yako, nami sikuwahi kumwona dada huyo akiwa hai.

Basi ukishamaliza hayo yote, njoo. Pita mbele, polepole, nikuone vizuri kabla sijafungua. Njoo peke yako.