Kapinga, Unawajibu Wote Isipokuwa Mimi

Kapinga wangu,

Jana asubuhi ulimjibu mtu wa kule mjini Kisenge ambaye hujawahi kumwona. Alikuwa ameweka picha ya chakula chake, bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, kwenye lile kundi letu la mtandaoni la watu waliowahi kuishi Kolwezi na pande hizi, nawe ukamwandikia: "Tata, ile haiko sahani, ni mulima. Unapandaka na ngazi?" Watu wakacheka hadi nikachoka kusoma. Kisha ukamjibu mama mmoja wa Dilala, halafu kijana wa Lubumbashi aliyedai sombe ya kwao ni tamu zaidi, halafu mtu anayeishi Ubelgiji. Nilikaa na simu mkononi mpaka maharagwe yangu yakaungua. Nasema bila kujipamba: niliwaonea wivu wote, hata yule mwenye mlima wa bukari.

Mimi nimekuandikia mara tatu kwa jina langu. Kwanza nilikusalimu tu. Mara ya pili nikauliza habari za mama yako, na kama mlipata kutulia huko Mwene-Ditu, Kasai. Mara ya tatu nikakuambia kwamba ukuta uliotenganisha nyumba zetu bado umesimama. Alama ilionyesha kwamba umezisoma zote. Hukunijibu hata neno moja, na saa hiyohiyo ulikuwa unamtania mtu kuhusu kofia yake.

Kofia, Kapinga.

Watu hao wanadhani wao ndio waliokugundua. Wanaandika "mama huyu ana mdomo," kana kwamba mdomo wako ulizaliwa na mtandao. Mimi niliujua tangu tulipokuwa tuking'oka meno ya utoto, katika ile kambi ya kampuni ambako nyumba yenu na yetu zilishikana mgongo. Babu yako aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, baba yangu alitoka kaskazini mwa jimbo hilihili kutafuta kazi hiyohiyo, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeona kuwa hiyo ni habari. Ulikuwa unagonga ukuta kwa kijiko, nami natoka nje na nywele nusu zimesukwa.

Unakumbuka foleni ya unga pale kantini? Aliyewahi kufika aliweka mabeseni mawili, lake na la mwenzake, na beseni lilihesabiwa kama mtu. "Ngoie, unichungie nafasi," ulikuwa unaniambia kupitia ukutani, kisha unakuja ukijisikia, jua limeshapanda. Ukifika, foleni nzima inageuka. Siku moja mzee mmoja alikuambia urudi nyuma, nawe ukamjibu, "Tata, nikirudi tena nyuma nitafika Dilala." Watu tusiowajua walikuwa wanakuchokoza ili tu uwajibu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kucheka, kila mara, na wengine walisubiri nianze.

Sasa nikuambie jambo litakalokuudhi. Yule Tata Nzilo, mzee mwenye picha ya bwawa, unayependa kumtania kuliko wote, hayupo. Ni mimi.

Uliponinyamazia mara ya tatu, nilifungua akaunti nyingine na kuweka picha ya bwawa la Nzilo aliyonipigia mkwe wangu. Nilitaka kuona tu. Niliandika kwamba wasichana wa leo hawajui kupika bukari, na dakika tano hazikupita ukanirukia: "Tata Nzilo, weye ulipikaka bukari siku gani? Onyesha mikono." Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikakaa chini. Tangu hapo ni miezi minne. Umemweleza mzee huyo goti lako linavyouma, umemweleza habari za mwanao aliyeoa, na ukamweleza kwamba mama yako alifariki zamani, mwaka wa pili tu baada ya kufika huko.

Ndivyo nilivyojua, Kapinga, kama mgeni. Mama yako alinilisha na kunisuka, na nilipopata habari ya kifo chake nililazimika kuandika "pole sana, mama" kama mzee wa barabarani. Mtu asiyekuwepo alipewa msiba, mimi nikanyimwa. Siku hiyo nilimchukia Tata Nzilo kwa moyo wote.

Wiki iliyopita mtu aliuliza kwenye kundi ni rafiki gani kila mmoja alimwacha Kolwezi. Uliandika, "Miye sikuachaka rafiki kule." Tata Nzilo akauliza, "Hata mumoja, mama?" Nawe ukajibu, "Hata mumoja. Rafiki yangu wa Kolwezi ni weye, tata." Ukaongeza vicheko vitatu.

Sababu ninaijua. Ule mwaka kampuni iliporegea na mishahara ikakatika, vijana wenye fimbo walianza kuwaita ninyi wa Kasai wadudu na kuwaambia mrudi kwenu, mahali ambapo wewe hujawahi hata kupaona. Jumamosi ile walipita kwenye foleni wakichagua watu. Wakafika kwenye beseni lako, lile jeupe lenye ua la kijani, mbele ya miguu yangu. "Hii beseni ni ya nani?" Ulikuwa unakuja, hatua kumi kutoka pale, na ulikuwa unanitazama.

"Mi sijue," nikasema.

Wakalipiga teke. Uliliokota ukaondoka nalo bila kunijibu lolote, wewe uliyejibu kila mtu. Mlilala kwenye stesheni majuma mengi mkisubiri gari moshi la kuwapeleka Kasai, na kutoka kwetu hadi pale ni mwendo mfupi sana. Sikuja. Nilijiambia ni woga, na kweli ulikuwa woga, lakini woga haukunizuia kwenda sokoni.

Barua hii ningeweza kuituma kwako peke yako. Naiweka ndani ya kundi, wote waione, kwa sababu nilikukana mbele ya watu. Akaunti ya Tata Nzilo nimeifunga leo asubuhi, na najua nimejinyima vicheko vyako vyote. Hilo ndilo lililonichelewesha miezi minne: nilipendelea kupendwa kwa jina la uongo. Sasa hata hilo nimeshindwa kulivumilia, kwa kuwa namwonea wivu hata yeye.

Hawa wengine watakuwa wa kwanza kujibu hapa chini, nawajua, na baadhi watafanya mzaha. Waache. Mimi nangoja jibu lako tu. Kama ni kunitukana, nitukane, lakini nitukane kwa jina langu.

Ni mimi, rafiki uliyesema hukumwacha,

Ngoie