Sufuria Moja kwa Nyumba Mbili

Migosi,
Kisumu.
Jumapili, 10 Agosti 2025

Mpendwa Tata Janice, shangazi yangu,

Pokea salamu zetu kutoka huku ziwani. Unaendeleaje? Goti limetulia, au baridi ya Nyahururu ya mwezi huu imeliamsha tena? Naomba usiwe unatoka kukamua asubuhi bila soksi nzito. Najua unatabasamu ukisoma hapa, lakini nimekuambia.

Sisi ni wazima. Muturi, baba watoto, ni mzima, Simeon ni mzima, Debra alikohoa wiki jana lakini ameshapona. Joto ni lile lile, na mvua inatisha tu bila kunyesha.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu ninayotaka kukueleza ni marefu, na mtandao wa huko kwako hukatika mtu anapofikia tu jambo lenyewe. Njuguna, yule anayeleta viazi Kisumu kutoka Ol Kalou, anarudi kesho na lori. Ameniahidi atakufikishia barua hii mkononi.

Nianze na lile unalongoja. Tata, watoto hawatakuja kuishi kwako. Tafadhali usikasirike kabla ya kusoma mpaka mwisho. Hatukuukataa wema wako, wala hakuna aliyetutia maneno. Ni kwamba tumeweza kukaa nao. Nimeandika hivyo na bado naona kama ninaota.

Unakumbuka hali ilivyokuwa mwezi wa Machi nilipokupigia nikilia. Karakana anakochomelea Muturi mageti na madirisha ilikuwa imepungukiwa na kazi, mafundi wakawa wanaitwa siku tatu tu kwa wiki. Nguo zangu za mitumba za watoto pale soko la Kibuye zilikuwa zinashinda zimening'inia. Tukishalipa kodi ya nyumba na mahitaji ya shule, kilichobaki hakikutufikisha katikati ya mwezi. Wewe hukunihoji. Ulisema tu niwalete, kwamba maziwa yapo na shule iko karibu, tukakubaliana waje likizo hii ya Agosti. Muturi nilipomwambia aliitikia kwa kichwa, akaenda kukaa nje.

Usidhani tulikuwa tumekaa tu tukingoja. Tulikuwa tumekata kila kitu tulichodhani kinakatika. Mkate uliondoka, tukawa tunanywa chai kwa viazi vitamu. Unga wa pakiti niliuacha, nikawa napeleka mahindi kusagwa. Sukuma wiki nilinunua jioni, akina mama wakikaribia kufunga na hawataki kurudi nayo nyumbani. Televisheni ilizimwa ili tokeni za stima zisiishe. Hata sukari niliificha, kisha mimi mwenyewe nikasahau nilikoiweka.

Bado haikutosha. Kilichotumaliza kilikuwa moto. Mtungi wa gesi unataka pesa nyingi kwa mpigo mmoja, na wewe unajua mahindi na maharagwe ya githeri hayana haraka.

Basi siku moja mwezi wa Aprili gesi iliisha githeri ikiwa imeanza tu kuchemka. Nilisimama mlangoni na kitambaa mkononi, sina la kufanya. Jirani yetu wa mlango wa pili anaitwa Lornah. Kwao ni Usenge, na huenda kule ufuoni kununua omena, zile dagaa za ziwani, akaja kuziuza hapa mjini. Mume wake Obiero ni askari wa getini katika hoteli moja. Kwa miaka yote tuliyoishi hapa tulikuwa tunasalimiana tu, kila mtu na mlango wake. Siku hiyo alikuwa ameepua maharagwe, na makaa kwenye jiko lake yalikuwa bado mekundu.

Akaniambia, "Mama Simeon, leta hiyo sufuria. Haya makaa yataisha bure hapa, na kesho ninunue mengine."

Githeri ikaivia kwake. Nilimpelekea bakuli kama shukrani, naye akarudisha bakuli likiwa na omena. Baada ya siku chache nilimwuliza kwa nini tunawasha moto mara mbili kupika kitu kile kile, na kati yetu kuna ukuta mmoja tu. Akacheka, akasema hata yeye amekuwa akijiuliza, ila aliona haya kuanza.

Tukaazima sufuria kubwa ya sherehe kutoka kwa akina mama wa kanisa lake. Mahindi na maharagwe tukayafuata kwa gunia soko la Kombewa, tukagawana nauli na mzigo. Omena akawa anatuletea kwa bei ile ile anayonunulia Usenge. Mimi nikaleta viazi kwa bei ya Njuguna. Leo anapika yeye, kesho napika mimi, na yule asiyepika anabaki na muda wa kuuza.

Haikuwa rahisi. Obiero alipokula ugali wangu mara ya kwanza aliuliza kwa upole kama ni uji. Lornah aliona githeri ni chakula cha wanafunzi wa bweni, akashangaa watu wazima wanaila kwa hiari. Debra alilia kwa sababu omena walikuwa wanamtazama. Lornah hakumgombeza. Alimkalisha karibu, akamwonyesha kuziosha kwa maji moto, kuzikaanga mpaka ziwe kavu, halafu nyanya nyingi na kitunguu. Sasa Debra ndiye wa kwanza kushika sahani. Watoto wao watatu nao wanapigania mukimo wangu wa viazi na mahindi, ingawa baba yao bado anautazama kama kitu kilichopondwa kwa bahati mbaya.

Kufikia mwisho wa Mei nilianza kupumua. Makaa tuliyonunua yalikuwa nusu ya yale ya kwanza, na kodi ililipwa kabla mwenye nyumba hajatuma mtu. Nilikuwa nafurahi hivyo bila kuona kinachotokea ndani ya nyumba yangu.

Muturi hakuwa anakula chakula hicho. Kila jioni nikimpakulia alisema ameshakula mjini na Gordon, fundi mwenzake. Tata, nilikasirika. Nilisema moyoni, sisi huku tunabana mpaka chumvi, yeye anakula samaki kwenye vibanda. Lakini nilinyamaza, kwa sababu sikutaka kelele mbele ya watoto.

Siku moja alisahau ufunguo, nikampelekea karakana. Sikumkuta, alikuwa ametumwa kuleta vyuma. Gordon alikuwepo. Nikamwambia kwa mzaha kwamba anamlisha mume wangu vizuri mno, mpaka amekikataa chakula changu.

Gordon hakucheka. Alivua glovu zake kwanza. Akanieleza kwamba wakienda kula, Muturi hubaki akinywa chai ya rangi, akisema anapikiwa kizito nyumbani. Tena juzi yake alikuwa ameshikwa na kizunguzungu juu ya ngazi wakipandisha fremu ya geti, wakamdaka kwa mshipi wa suruali. Wote walidhani ni malaria.

Nilirudi nyumbani nikijilaumu. Mtu anayenyanyua vyuma anashinda na njaa na kulala na njaa, na mimi najipongeza kwa makaa.

Jioni nilimwuliza, na hakuficha. Alisema watoto wake hivi karibuni watalishwa na wewe, mke wake analishwa na moto wa Obiero, na kitu pekee alichobaki nacho cha kufanya ni kutoongeza mdomo wake mwenyewe. Nilimwambia hayo si kweli, kwamba nusu ya kila kitu kwenye sufuria ile ni yetu. Alinisikiliza, lakini hakugusa sahani. Nikamwambia Lornah. Sikumwomba amwambie mume wake, ila nafikiri nilijua atamwambia.

Jumamosi iliyofuata, saa ya mchana, Obiero alikuja akiwa ameshavaa sare ya kazi. Alibeba sahani mbili za githeri, akakaa kwenye benchi letu la nje karibu na Muturi, akaweka sahani moja katikati yao. Mimi nilikuwa ndani naosha vyombo, na dirisha liko juu ya benchi hilo.

"Baba Simeon," akasema, "nataka kukuuliza jambo na usinifiche. Tangu Aprili mimi ninakula viazi na githeri ya mke wako. Wewe unaniona nimeshindwa na nyumba yangu?"

Muturi alijibu haraka kwamba hapana, hawezi kufikiria hivyo.

"Basi mimi ndiye nina shida sasa. Kama wewe huli kwangu, mimi nitaendelea kula kwako kwa uso gani? Utanifanya nianze kukataa chakula, na mimi nasimama getini kutwa."

Obiero akaanza kula. Niliacha maji yakitiririka, nikaogopa hata kusogeza sufuria. Kisha nikasikia kijiko cha pili kikigonga sahani.

Nilifunga bomba, Tata, nikakaa chini pale pale kwenye sakafu yenye maji.

Tangu siku hiyo Muturi amerudi kuwa yule unayemjua. Siku ambazo haitwi kazini alianza kukusanya mabaki ya vyuma, akachomelea jiko la kuenea ile sufuria kubwa, lenye mdomo mwembamba wa kuingiza hewa, ndani akalipaka udongo. Linakula makaa machache na linashika moto mpaka chai ya asubuhi. Jirani wa mlango wa mwisho aliliona akataka lake. Halafu akina mama wa kanisa la Lornah walipofuata sufuria yao, wakaagiza na wao. Ile sufuria waliiacha. Walisema inafanya kazi nzuri zaidi hapa kuliko stoo ya kanisa.

Sikudanganyi kwamba tumetajirika. Karakana bado ni siku tatu. Lakini siku zilizobaki sasa zina kitu, na mwezi wa Julai ulipoisha, kodi ikiwa imelipwa na shule zikiwa zinafungwa, nilifunua ndoo ya unga nikakuta bado kuna unga. Nilimwita Muturi aje aone. Tulisimama wawili tukiitazama ndoo kama wageni waliopelekwa kuona mtoto mchanga.

Hapo ndipo aliposema, "Watoto hawaendi mahali." Kisha akaniuliza kama ni kiburi kinachosema. Nilimwambia hapana.

Watoto tuliwaambia wakati wa chai. Debra alirukaruka, kwa sababu yeye alikuwa anaogopa kuachana na mwalimu wake zaidi kuliko kuachana na sisi. Simeon aliuliza watakaa mpaka lini. Baba yake akamwambia mpaka atakapokuwa mkubwa. Simeon akatoka nje, nasi tukadhani amekasirika kwa sababu alikuwa ameshazoea wazo la ng'ombe. Nilichungulia nikamwona kwenye mlango wa Lornah akizungumza na mwanawe Cliff, taratibu, kama mtu mzima aliye na jambo zito. Kumbe alikuwa amempa Cliff mpira wake, kwa kuwa yeye anahama, na hakuwa ametuambia. Alikuwa ameenda kuuomba tena. Cliff aliurudisha bila ugomvi, wakakubaliana uwe wa wote wawili.

Sasa nije kwako. Najua umenunua godoro. Njuguna aliniambia, na najua pia kwamba ulishaongea na mwalimu mkuu na kupaka chumba rangi. Nimewaza namna ya kuliandika hili bila kukuumiza na sijaipata, kwa hiyo naandika tu. Nyumba uliyoiandaa ndiyo iliyonifanya nilale usingizi miezi ile. Nilijua kwamba yote yakishindikana, wanangu wana mahali. Bila hilo sidhani ningekuwa na utulivu wa kusimama kwenye mlango wa jirani na sufuria.

Usiliuze hilo godoro. Tukijaliwa tutakuja Desemba sisi wote wanne, na watoto watakaa mpaka shule zifunguliwe. Simeon anataka kujifunza kukamua. Na mwakani nataka uje wewe huku, upate joto, Lornah akupikie samaki kwa mkono wake.

Njuguna atakupa pia mfuko wa omena. Ziloweke kwanza kwa maji moto, zioshe vizuri, zikaange polepole, usiweke maziwa mpaka nyanya ziive. Usipozipenda, usiniambie. Wape kuku na uniandikie kwamba zilikuwa tamu.

Nisalimie Wasike anayekusaidia na ng'ombe, na Mama Shantel wa ng'ambo ya barabara, umwambie sweta aliyotutumia inamtosha Debra sawasawa. Nisalimie akina mama wa kikundi chenu. Muturi anakusalimu sana, na amesema nikuandikie kwamba atakuletea jiko. Lornah na Obiero wanakusalimu pia, ingawa hamjaonana. Wanakuita shangazi wa watoto wetu, na wakisema wetu wanahesabu wote watano, wao watatu na wangu wawili.

Mungu aliyekufanya ufungue mlango kabla hatujabisha akujalie afya, maziwa mengi na wageni unaowapenda.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye na nisiyekusahau,

Wangu
(Mama Simeon na Debra)